Kazi ya Kukataa: Niliyojifunza Nikiratibu Harusi na Mikutano Dodoma

Mtu anapokuja kunipa kazi ya kuratibu harusi, sherehe ya kustaafu au mkutano wa mwaka hapa Dodoma, huwa ninafungua kalenda kabla ya kuzungumzia jambo lolote jingine, na mara nyingi kikao chetu cha kwanza huishia kwa mimi kuikataa tarehe aliyokuja nayo. Nilianzia kazi hii kwenye mapokezi ya ukumbi mmoja hapa mjini, nikipokea malipo ya awali na kuandika majina kwenye daftari la nafasi, na kutoka kwenye dawati lile niliona jinsi shughuli nyingi zinavyoanza kuharibika siku ile ile ya kulipia ukumbi, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwambia mwenye shughuli kwamba anachotaka hakiwezekani. Tangu nianze kuratibu kwa kujitegemea nimeamini kwamba kazi kubwa ya mratibu ni kukataa: kukataa mapema, kwa adabu, na kwa hesabu ambazo mwenye shughuli anaweza kuzikagua mwenyewe.

Dodoma ina kalenda yake, na mtu anayetoka Dar es Salaam au Arusha hawezi kuikisia. Bunge la bajeti huanza Aprili na kuendelea hadi mwisho wa Juni, na katika miezi hiyo wabunge, watendaji wa wizara, wahasibu wa taasisi, waandishi wa habari na wadau wa kila sekta hukaa mjini kwa wiki nyingi. Vyumba vizuri vya Area C, Area D, Ilazo na Kisasa hujaa, kumbi ndogo hukodiwa kwa semina, na chumba kilichokuwa cha bei ya kawaida mwezi Machi hupanda bei bila kubadilishwa hata pazia. Mwanzoni mwa Agosti kuna maonesho ya Nane Nane katika viwanja vya Nzuguni, na mwishoni mwa mwaka vyuo hufanya mahafali yake, wazazi wakija kutoka mikoa yote. Tangu Serikali ianze kuhamia hapa kwa kasi mwaka 2016, na Dodoma kutangazwa kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018, kumbi zimeongezeka sana, ila wanaozitaka wameongezeka pia.

Juu ya kalenda hiyo kuna ile ya dini. Wakatoliki hawapendi kufunga ndoa wakati wa Kwaresma, na Waislamu hawafanyi sherehe za harusi mwezi wa Ramadhani. Mwaka 2025 mifungo hiyo miwili ilikwenda karibu sambamba, kwa kuwa Ramadhani ilianza mwanzoni mwa Machi na Jumatano ya Majivu ikaangukia 5 Machi. Matokeo yake ni kwamba harusi zilizosubiri zote zilimiminika baada ya Idi na Pasaka, yaani wakati ule ule ambao Bunge la bajeti limeanza na kumbi tayari zimeshikwa. Mtu aliyeitazama kalenda ya mwaka huo mapema aliweza kuona msongamano huo unakuja; aliyesubiri mpaka mahari ipokelewe alijikuta akitafuta ukumbi wa Jumamosi na kupewa Jumatano.

Nakumbuka mzee mmoja, mwenyekiti wa kamati ya harusi ya kijana wao, aliyekuja na wajumbe wawili na tarehe ya wiki ya tatu ya Juni. Aliniambia kwa upole lakini kwa msimamo, “Binti yangu, tarehe imeshatoka kwa wazee. Sisi tumekuja kwako kwa habari ya ukumbi na chakula tu.” Mbele ya mtu wa umri ule huwezi kusema hapana kavu. Nilichukua karatasi, nikaichora katikati, upande mmoja nikaandika Juni na upande wa pili Julai, kisha nikapiga simu kwenye nyumba za wageni akiwa anasikia, nikiuliza bei na idadi ya vyumba kwa tarehe zote mbili kwa ajili ya ndugu wanaotoka Singida na Kondoa. Upande wa Juni ulijaa maneno “hakuna” na “labda vitatu”. Nikamwambia, “Mzee wangu, mimi siwezi kuigusa tarehe ya wazee. Naomba tu karatasi hii iwafikie.” Alirudi baada ya siku chache na tarehe ya Julai, na wazee, kwa maelezo yake, ndio walioamua. Hivyo ndivyo kukataa kunavyopaswa kuwa: mwenye shughuli abaki na heshima ya kuamua, na mratibu abaki na karatasi.

Baada ya tarehe huja suala la mahali, na hapa adui wangu ni bustani. Kila mtu ameona picha za sherehe za nje zenye taa zinazoning’inia juu ya meza nyeupe, na picha hizo nyingi zimepigwa mahali ambapo hakuna upepo wala vumbi la Dodoma. Sisi tuko kwenye nchi kavu ya uwanda wa juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Mvua zetu hunyesha kati ya Desemba na Aprili hivi, na kwa mwaka mzima kwa wastani hazizidi sana milimita 600. Miezi inayofuata ni mikavu kabisa. Juni na Julai usiku huwa na baridi ambayo wageni wa pwani hawaitarajii, na mnamo Agosti na Septemba upepo huvuma mchana kutwa ukibeba udongo mwekundu.

Kampuni moja ilitaka chakula cha jioni cha wafanyakazi wake kiwe uwanjani, mwezi Agosti, bila hema la kufungwa pembeni kwa sababu hema lingeharibu mandhari. Dada aliyetumwa na ofisi alikuwa mwelewa, ila alikuwa na maagizo. Nilimwomba tukutane uwanjani hapo saa kumi jioni. Nilifika na meza moja, kitambaa cheupe, glasi nne, leso za karatasi na nakala ya ratiba, nikavipanga kama vitakavyokuwa siku yenyewe, kisha nikaagiza soda tukakaa tukazungumza mambo mengine. Leso ziliondoka kwanza, moja baada ya nyingine, zikanasa kwenye michongoma. Ratiba niliibana chini ya glasi, upepo ukaikunja na kuiangusha glasi yenyewe. Soda yangu ilipofika nusu, ukikipangusa kitambaa kwa kidole unaona mstari mweupe unabaki nyuma ya kidole, kwa maana sehemu nyingine zote zilikuwa zimeshageuka rangi ya udongo. Yule dada alipiga picha ya ule mstari, akaituma kwa mkubwa wake, na simu iliyofuata ilikuwa fupi: “Ndiyo, Mkurugenzi. Nitatafuta ndani.” Sikuhitaji kusema neno. Tangu siku hiyo nafanya jaribio hilo kwa kila anayeng’ang’ania bustani, na ni wachache sana waliobaki na bustani yao.

Jambo gumu kuliko yote, hata hivyo, ni idadi ya watu. Tarehe na mahali vina ushahidi wa kuonekana. Idadi ya watu ni suala la heshima, undugu na aibu, na hapo ndipo mratibu anapokutana na methali. Ukimwambia mzee kwamba ukumbi unachukua watu 300 na orodha yake ina watu 420, atakujibu kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi siipingi methali, lakini mpishi hapiki methali. Kwa pilau yenye vitoweo vya kutosha pembeni, wapishi niliofanya nao kazi hukisia kilo moja ya mchele kwa watu saba au wanane. Watu 300 ni kilo 40 hivi, na watu 420 ni kilo 55 au zaidi, pamoja na nyama, kuku, mboga, matunda, vinywaji, viti na vyoo vya watu 120 ambao hakuna aliyewachangia.

Harusi zetu huendeshwa kwa michango, na kamati hupanga kwa ahadi. Hilo ni jambo jema kijamii na la hatari kihasibu. Mhazini husoma daftari kila kikao, ahadi zinasikika nyingi, watu wanapiga makofi, na mpambaji anaongezewa maua. Ninachosisitiza ni kwamba kamati iweke siku moja, wiki mbili hadi tatu kabla ya harusi, ambapo bajeti inashushwa hadi kiwango cha fedha iliyopo mkononi, na kadi zinatolewa kwa waliokamilisha tu, za mtu mmoja au za watu wawili kulingana na mchango. Kinachoingia baada ya siku hiyo kiende kwenye akiba, au kwa maharusi wenyewe, na kisirudi kwenye mapambo. Kamati nyingi hukasirika ninaposema hivyo. Nyingi pia hunipigia simu wiki ya mwisho kuomba nizungumze na mpishi kuhusu deni, na jibu langu huwa lile lile lililokwisha kuandikwa kwenye muhtasari wa kikao.

Kwenye shughuli za ofisi tatizo la idadi lina sura nyingine, na hili ni la Dodoma hasa. Unaalika viongozi 40, orodha inasainiwa, chakula kinaagizwa cha watu 40 na wachache wa akiba, halafu siku yenyewe kila kiongozi anafika na dereva, wengine na msaidizi, na wengine na afisa habari mwenye kamera. Hao hawamo kwenye orodha ya mtu yeyote, lakini wameamka alfajiri kama bosi wao na hawawezi kushindia maji. Nimeona madereva wakikaa kwenye magari tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni huku ndani watu wakipewa chai ya saa nne na sambusa zinabaki. Siku hizi sikubali kazi ya ofisi isiyo na kifungu cha madereva na wasaidizi kwenye bajeti, na huwapangia sehemu yao ya kukaa na kula kwa wakati ule ule na wageni, kwa kuwa mkutano ukiisha dereva ndiye anayepaswa kuwa tayari kwanza. Mkurugenzi mmoja aliniuliza kwa nini alipie watu ambao hakuwaalika. Nilimwambia, “Mheshimiwa, ukimwalika mwenye gari la Serikali umemwalika na anayeliendesha.” Alicheka, akasaini.

Idadi hiyo hiyo ndiyo inayoamua muda wa kula, jambo ambalo waandaaji wengi huliacha kwa mwenye ukumbi. Mgeni mmoja akitumia nusu dakika kupita mbele ya bufee, mstari mmoja unapitisha watu wawili kwa dakika. Bufee inayopakuliwa pande zote mbili inapitisha wanne. Watu 300 kwa bufee moja ya pande mbili ni dakika 75, na hapo hatujamhesabu anayerudi kuongeza wala anayesimama kusalimiana na shemeji yake mbele ya kuku. Ukiweka bufee tatu, zoezi lote linakwisha kwa dakika 25. Gharama ya ziada ni vyombo vya kupashia chakula na wahudumu wachache, lakini wenye kumbi hawapendi kuziongeza hata wakiombwa, kwa hiyo niliishaacha kuomba. Naandika kwenye mkataba.

Ratiba nayo ina ugonjwa wake, unaoitwa utambulisho. Mshereheshaji akiachiwa kipaza sauti amwombe kila mkuu wa idara atambulishe watu wake, na kila mkuu wa idara aanze na salamu ya chama, ya dini na ya kikao, saa nzima huondoka kabla mgeni rasmi hajasema neno. Ninachofanya ni kukaa na mshereheshaji na mtu wa itifaki siku moja kabla, tukaandika majina ya watakaotambulishwa kwa kusimama, makundi yatakayotambulishwa kwa pamoja, na jina la mtu mmoja tu atakayefanya kazi hiyo. Mgeni rasmi pia huhitaji mpango wa pili. Hapa mjini kiongozi anaweza kuitwa bungeni au Ikulu ya Chamwino asubuhi ile ile, kwa hiyo barua ya mwaliko iulize mapema nani atamwakilisha, na risala iandikwe kwa namna ambayo mwakilishi anaweza kuipokea bila kubadilisha kila aya. Risala ya kurasa tano naikataa. Mbili zinatosha kwa taasisi yoyote ambayo haijatimiza miaka hamsini.

Usafiri umebadilika sana tangu treni ya SGR, yaani ya reli ya kisasa, ianze safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Zamani mgeni wa Dar es Salaam alipoteza siku nzima kwenye basi, kwa hiyo ilibidi umlipie usiku mmoja kabla ya mkutano. Leo anaweza kupanda treni ya asubuhi akafika kwa chini ya saa nne. Faida hiyo imezaa kishawishi kipya cha kuanzisha mkutano mara tu treni inapofika, kana kwamba hakuna foleni ya teksi wala mizigo. Naweka saa moja na nusu kati ya treni na ufunguzi, na tiketi za Ijumaa na Jumapili nazikata mapema mno, kwa kuwa huisha. Kwa wageni wanaofanya kazi Mji wa Serikali Mtumba kuna jambo lingine: wako nje ya mji kwenye barabara ya Dar es Salaam, na hafla ya mjini inayoanza saa kumi na moja jioni haitampata mtu yeyote kabla ya saa kumi na mbili.

Umeme na maji nitavipitia kwa haraka. Jenereta ijaribiwe kwa mzigo wote, muziki, taa na majokofu vikiwa vimewashwa pamoja, na mafuta yapimwe mbele ya mtu wako. Ukumbi wowote ulio nje ya mji uwe na simtanki lililojaa na namba ya mwenye boza.

Kuhusu fedha za taasisi, ugomvi mwingi niliousuluhisha ulitokana na VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani. Tuseme ukumbi mmoja umetoa bei ya shilingi 35,000 kwa sahani na mwingine 39,000. Kamati inachagua wa kwanza kwa furaha, kumbe bei ile haijajumuisha kodi na ya pili imejumuisha. Kwa watu 200, ya kwanza ni 7,000,000, na ukiongeza asilimia 18 inakuwa 8,260,000. Ya pili inabaki 7,800,000. Anayetaka risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na kila taasisi inaitaka, lazima alinganishe bei zikiwa kamili. Taasisi za umma zina hatua ya ziada, kwa sababu manunuzi yao sasa hupitia mfumo wa NeST ulioanza kutumika mwaka 2023, na mfumo hauharakishwi kwa kumpigia mtu simu. Ofisi inayoniambia mwanzoni mwa mwezi kwamba inataka mkutano wa watu 150 mwisho wa mwezi huo huo, ilhali haijaanza mchakato, naishukuru kwa kunifikiria na kuiomba inipe tarehe nyingine.

Kuna kukataa kumoja ambako hunifurahisha. Taasisi nyingi zinazofanya mikutano hapa hutaka kikundi cha ngoma za Wagogo kiwapokee wageni, na ni jambo zuri, kwa kuwa akina mama wakizipiga ngoma za muheme mlangoni hata wageni waliochoka na safari huanza kutabasamu. Kasoro ni kwamba vikundi hivi huitwa asubuhi, hupigishwa ngoma juani mgeni rasmi akichelewa, halafu huahidiwa malipo “baada ya shughuli”. Wengi wao wametoka vijijini kwa gari la kukodi na hawana cha kuahirisha. Mimi huwalipa nauli na nusu ya ujira kabla hawajashuka garini, nawapa kivuli, na nawalisha kabla ya wageni. Mhasibu mmoja alinionya kwamba wakilipwa mapema watapiga ngoma kwa ulegevu. Nilimpeleka mlangoni akasikilize.

Shughuli huisha siku inayofuata, mezani. Usiku ule ule navihesabu vitambaa, glasi na viti mbele ya mwenye mali, tunasaini wote wawili, na asubuhi nakaa na mhazini tukiwa na risiti zote. Idadi ya sahani zilizotumika hailetwi na mpishi peke yake. Mtu wetu huzihesabu zikitoka kwenye rundo, na tunalinganisha na kadi zilizokusanywa mlangoni. Salio la mwisho hulipwa hesabu hizo zikishakubaliana, na kama zimepishana, tunaanza na kadi, kwa kuwa kadi ina namba.